Ushuru na Biashara ya Majirani

Yafaa wasomaji wetu wajue ushuru wa forodha ni nini. Ni fedha zitozwazo na serikali juu ya bidhaa zivukazo mpaka. Mwenye duka huziongeza katika bei. Basi mlipaji wa mwisho ni mnunuzi.

Mwaka 1967 Tanzania, Kenya na Uganda zilifanya Jumuiya moja. Meli Umoja na Uhuru zilichukua mabehewa ya gari la moshi katika ziwa letu. Lakini wakuu hawakupatana: Idi Amin alipotwaa Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye; na kulikuwa na manung'uniko kwamba Kenya yafaidi kuliko wenzake. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hata mwaka 1983. Umoja ikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Ziwa halikukauka, yaliyokauka ni mapatano.

Jumuiya mpya ilianza mwaka 2000, na umoja wa forodha mwaka 2005. Sasa bidhaa iliyotengenezwa Nyakato, ikiwa na cheti cha uasili, huingia Kenya bila ushuru wa forodha. Basi mfanyabiashara asivuke bila cheti hicho, na wakuu wasisahau mwaka 1977.