Jiwe la Bwana wa Mwezi

Wengi wetu, ndugu msomaji, tuulizwapo na watoto wetu kwa nini Mabaniani huabudu miungu mingi, huwajibu kwa neno moja la dharau, tukadhani tumefundisha. Sivyo alivyofanya mwanachuoni Al-Biruni. Yeye alijifunza Kisanskriti, akawauliza wajuzi wa dini hiyo wenyewe, na mnamo mwaka 1030 akamaliza kitabu chake juu ya Bara Hindi.

Humo yamo masimulizi ya Somnath, katika pwani ya Gujarat. Soma ni mwezi, natha ni bwana. Wahindu wasimulia ya kuwa Mwezi aliwaoa mabinti wa Prajapati, ambao ndio vituo vyake vya mbinguni, akampenda Rohini kuliko wenziwe. (Mwenye wake zaidi ya mmoja atayafahamu upesi yaliyofuata.) Wakamshitaki kwa baba yao, naye akamwapiza mkwewe apatwe na ukoma usoni. Mwezi alipotubu aliambiwa kwamba laana haitanguki, ila aibu yake itafunikwa nusu ya kila mwezi. Na ili dhambi imtoke, asimamishe jiwe la Mahadeva, ndiye Shiva, aliabudu.

Jiwe hilo, wasema, ndilo la Somnath. Lililetewa kila siku maji ya mto Ganga na maua ya Kashmir. Bahari ikijaa ililifunika, ikipwa ililifichua, na watu wakaona kuwa bahari yamtumikia Bwana wa Mwezi. Tena bandari hiyo ilipata sifa, aeleza Al-Biruni, kwa kuwa ni kituo cha wasafiri waendao baina ya Sofala, katika nchi ya Zanji, na China. Sultani Mahmud wa Ghazna alilivunja jiwe mwaka 416 wa Hijra. Mwaka 1951 likasimamishwa jingine katika hekalu jipya.

Al-Biruni hakuyakubali masanamu hata kidogo. Lakini aliandika kwamba Wahindu wenye elimu wamsadiki Mungu Mmoja, asiye na mwanzo wala mwisho, na kwamba sanamu ni za wale ambao akili zao haziwezi kushika ila kionekanacho kwa macho. Kisha akatugeukia sisi. Mwonyeshe, asema, Mwislamu asiye na elimu, mwanamume au mwanamke, picha ya Makka na Al-Kaaba: kwa furaha ataibusu, ataisugulia mashavu yake, atagaagaa mavumbini mbele yake, kana kwamba yuko huko anahiji.

Picha hiyo imetundikwa katika kumbi nyingi za nyumba zetu.