Kupanda Ndege Kwenda Kumjua Babu

Wewe uliyelia usiku wa kwanza bwenini, sikia hii. Kijana wa Inuit kutoka Nunavut, kaskazini kabisa mwa Kanada, akimaliza sekondari anapanda ndege hadi Ottawa. Basi halipo, maana hata barabara ya kumtoa kwao hakuna! Huko anaingia Nunavut Sivuniksavut, mafunzo yaliyoanza 1985 ya kumwandaa kwa chuo. Anajipikia, anahesabu senti zake, mama yuko mbali, na nyama ya sili haiuzwi kila bucha.

Darasani sasa! Anasoma mkataba wa ardhi wa 1993, ambao wazee wake waliupigania mpaka Nunavut ikazaliwa 1999. Yaani usafiri hadi ugenini ndipo usimuliwe ya babu yako? Mie wa kwangu simjui hata robo.