Umri wa mhusika katika riwaya: nani mwenye kipimo?

DUBAI. Jambo ambalo msomaji wa riwaya hutaka kulijua mapema kuhusu mhusika, baada ya jina, ni umri wake. Hataki hesabu ya miaka tu. Kila jamii imeupangia kila umri wajibu wake: huyu aolewe, huyu achume, huyu apumzike na aheshimiwe. Hadithi huanza pale mhusika anapokataa wajibu huo, au anaponyimwa.

Katika Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, Yasmin ana umri wa miaka 15 tu anapoozwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyevuka miaka 50. Kwa wazazi wake, umri huo watosha kumfanya mke. Anapoikimbia ndoa hiyo, jamaa zake hawampokei. Hifadhi anaipata Ng'ambo, Unguja, kwa rafiki yake Mwajuma, na huko ndiko anakoanza kujijua kuwa ni nani pasi na mume wala ukoo wa kumsemea.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliutazama upande wa pili katika By the Sea (2001). Saleh Omar ana miaka 65 anapotua katika uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kuomba hifadhi. Kwao, mtu wa umri wake huamkiwa shikamoo na kupishwa kiti. Kwa afisa wa uhamiaji, umri huohuo ni dosari, kwani ukimbizi anauona kuwa ni shughuli ya vijana. Hata jina lililomo katika pasipoti yake, Rajab Shaaban, ni la mtu mwingine. Mzee ni yuleyule. Waliobadilika ni wanaomtazama.

Hapa Dubai, mgongano huo ni maisha ya kila siku. Wakazi wengi wa mji huu ni wageni, na ukaazi wa walio wengi hutegemea ajira. Mwaka 2020 Dubai ilianzisha kibali cha wastaafu kwa wageni wenye miaka 55 na zaidi, lakini kwa masharti ya kipato, akiba au nyumba ambayo mlinzi au mfanya usafi hawezi kuyatimiza. Mtu huyo akirudi likizo Mombasa au Tanga ni mzee wa ukoo, na posa haijibiwi bila yeye. Akirejea kazini, msimamizi aliye rika la mwanawe humwita kwa jina tu.

Deepak Unnikrishnan, aliyekulia Abu Dhabi, aliyageuza mambo hayo kuwa fasihi katika Temporary People (2017). Katika hadithi mojawapo, vibarua huoteshwa kama mimea na kupangiwa miaka maalumu ya kuishi. Ni ubunifu, lakini mfanyakazi yeyote mwenye mkataba ataielewa hesabu hiyo.

Kwa hiyo, mwandishi anapotuambia kuwa mhusika ni mdogo mno au mzee mno, yafaa tuulize: ni nani asemaye hivyo, na ananufaika nini? Kwa Yasmin ni wazazi na mume. Kwa Saleh Omar ni dola. Kwa kibarua ni mwajiri. Mhusika mwenyewe hujitambulisha kwa jibu analowapa.