Rundo la Matufaha Msituni

Katika misitu ya mvua ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, kuanzia California ya kaskazini hadi British Columbia nchini Kanada, huishi mnyama ambaye Kiswahili hakijampa jina lake hasa. Wengi wetu tungemwita kulungu, lakini kulungu wetu hubaki na pembe zake maisha yake yote, ilhali huyu huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Waliotafsiri Biblia walimwita ayala, nami nitalishika jina hilo. Ninayemzungumzia ni ayala wa mkia mweusi, ambaye huko kwao amezusha mabishano ambayo msomaji wa Kenya, nchi iliyopiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977, huenda akayaona kuwa si yake. Nadhani yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Mabishano yenyewe ni juu ya chambo. Ayala huyu ni mgumu kupatikana. Hapendi nyika iliyo wazi. Hujificha katika vichaka vizito, hutoka magharibi na alfajiri, na aghalabu huishi maisha yake yote katika eneo dogo analolijua kila kichochoro. Mwindaji anaweza kulowa mvua wiki nzima asione zaidi ya unyayo. Ndipo linapomjia wazo la kale kabisa la kibinadamu: badala ya kumfuata mnyama, mfanye mnyama akufuate. Humwaga matufaha, mahindi au chumvi mahali pamoja, siku baada ya siku. Ifikapo Novemba, majira ya kupandana, wengine hutundika vitambaa vilivyochovywa katika mkojo wa ayala jike, kwani dume ambaye mwaka mzima alikuwa mwerevu kuliko mbweha hupotewa na akili kwa harufu hiyo.

Wanaopinga husema kwamba huo si uwindaji bali ni uchinjaji. Wanaotetea hujibu kwamba mnyama aliyesimama akila hupigwa vizuri, akafa papo hapo, kuliko yule anayefyatuliwa risasi akikimbia kisha akatokomea na jeraha msituni. Kwa maoni yangu, hoja ya uungwana haimalizi neno. Mvuvi wa Lamu hutia chambo katika ndoana na hakuna amwitaye mwoga. Tena mwindaji aliyejificha kando ya mti wa tufaha uliojiotea katika shamba lililoachwa ana tofauti gani ya heshima na yule aliyeyabeba matufaha kwa gunia?

Tofauti ipo, lakini haimo katika heshima ya mwindaji. Imo katika mdomo wa mnyama.

Ayala ni mcheuaji. Tumboni mwake mna vijidudu vinavyomsagia majani na vitawi, na vijidudu hivyo huhitaji majuma kadhaa kuzoea chakula kipya. Akishiba mahindi ghafla katika majira ya baridi, tumbo hugeuka kuwa pipa la asidi, naye anaweza kufa akiwa ameshiba. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ayala anayejilisha msituni hung'ata tawi hapa na tawi pale, akitembea. Rundo huwaita kumi wasiopaswa kukutana, likawakutanisha pua kwa pua, mate juu ya mate, kila usiku, mahali palepale.

Mate hayo yana historia. Mwaka 1993 California ilipatwa na mlipuko wa kirusi kilichowaua ayala wengi wa mkia mweusi, nacho huenea kwa mgusano wa karibu. Mwaka 2020 kirusi cha aina hiyo kiliwaua ayala katika visiwa vya British Columbia. Tangu miaka ya tisini, ayala wa magharibi ya Washington na Oregon wamekuwa wakipukutika manyoya kwa sababu ya chawa wa kigeni, na chawa hana mbawa: husubiri ubavu uguse ubavu.

Lakini la kutisha zaidi ni maradhi ya kukonda yaliyotambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1967 katika ayala waliofugwa huko Colorado. Ni ndugu wa ule ugonjwa wa ng'ombe wazimu ulioitikisa Uingereza. Chanzo chake si bakteria wala kirusi, bali ni prioni, protini iliyojikunja vibaya ambayo huzifundisha protini nyingine kujikunja vivyo hivyo, mpaka ubongo ukawa kama sifongo. Hayana dawa wala chanjo. Mnyama aliyeambukizwa huweza kuonekana mzima kwa mwaka mmoja au zaidi huku akitoa prioni katika mate, mkojo na mavi yake. Na prioni zikiingia udongoni hudumu humo kwa miaka. Haijathibitishwa kwamba binadamu yeyote ameyapata kwa kula nyama, ingawa madaktari wa Marekani hushauri nyama ya mnyama aliyeambukizwa isiliwe.

Kwa miongo mingi maradhi haya yalikuwa habari za mbali kwa watu wa pwani ya Pasifiki. Mwaka 2024 yalibisha mlango mara tatu: British Columbia, California, na jimbo la Washington, ambako ayala jike wa mkia mweupe aliokotwa amekufa karibu na mji wa Spokane. Spokane iko mashariki ya milima ya Cascade, na ayala wa mkia mweusi wako magharibi yake. Milima hiyo ni ukuta, lakini barabara na magari hupita ndani yake.

Sheria zimekuwa viraka. California inakataza kuwinda ndani ya yadi 400 za mahali palipotiwa chambo, na inakataza pia kuwalisha wanyama wakubwa. Washington iliruhusu galoni 10 za chambo kwa mahali pamoja, yaani takriban madebe mawili, kisha baada ya kisa cha Spokane ikaanza kukikataza katika maeneo ya karibu. Ule mpaka wa madebe mawili ulinishangaza, kwani prioni hazipimwi kwa debe. Oregon nayo ilipiga marufuku mikojo ya ayala ya kuvutia windo tangu mwanzo wa 2020, kwa sababu hukingwa katika mazizi ya ayala wa kufugwa na kusafirishwa chupani hadi majimbo ya mbali. Oregon ilifanya hivyo kabla ya kupata mgonjwa hata mmoja, na hapo naivulia kofia.

Sisi nasi tulicheza mchezo huu bila bunduki. Hoteli ya Treetops katika Aberdare, iliyojengwa 1932 na kusifika ulimwenguni pale Elizabeth wa Uingereza alipolala humo Februari 1952, iliwaonyesha wageni wanyama waliovutwa na maji na chumvi. Mfugaji wa Kimaasai hahitaji kuelezwa hatari ya mkutano wa namna hiyo: tangu zamani huwaondoa ng'ombe wake katika malisho ambako nyumbu wanazaa, akijua kwamba hapo ng'ombe huokota kifo.

Kwa hiyo simwonei huruma mwindaji wa Washington anayelalamika kwamba amenyang'anywa matufaha yake. Namhurumia kwa jambo moja tu: mara nyingi jirani yake asiyewinda, mama mpole anayewamwagia ayala mahindi uani ili wajukuu wawaone dirishani, hufanya jambo lilelile mwaka mzima, na si kwa majuma machache ya msimu. Popote sheria inapomfunga mwindaji na kumwacha mwenye bustani, imefunga lango moja la zizi lenye malango mawili. Na asidhani yeyote kwamba rundo litaondolewa siku kisa cha kwanza kitakapothibitishwa kijijini kwake, mambo yakaisha. Matufaha yatazolewa kwa koleo asubuhi moja. Udongo uliokunywa mate ya misimu mitano utabaki palepale, na ayala, kwa mazoea, wataendelea kuja kuulamba.