Jivu la Viwandani Katika Saruji: Lipi Lafaa, Lipi Ni Ghishi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, akikaribia Mto Athi, huyaona mabohari ya EPZ ambako maelfu ya dada zetu hushona nguo za kupelekwa ng'ambo, na jirani yake minara ya viwanda vya saruji. Siku hizi wahandisi huuliza kama taka ya viwanda yaweza kuingia katika saruji badala ya kutupwa. Suali hili lamhusu kila mama ajengaye chumba kwa fedha za chama.

Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo hadi nyuzi 1450 hivi, ikatoka klinka. Moto huo ndio uifanyao kuwa ghali. Na pamoja na hewa itokayo ndani ya jiwe lenyewe, saruji huchangia takriban asilimia 7 ya hewa ya kaboni ya dunia. Kwa hiyo sehemu ya klinka huondolewa, pakatiwa kitu kilichokwisha kupita motoni: jivu la volkano, jivu la makaa ya mawe, au taka ya tanuri za chuma. Likisagwa laini, jivu hilo hushikana na chokaa ambayo saruji huitoa ikutanapo na maji, gundi ikazidi. Warumi walilijua jambo hili kale. Wazee wetu wa Lamu nao walichoma matumbawe kwa chokaa ya kuta zao.

Wengi wetu twainunua saruji ya namna hiyo bila kujua. Tazama mfuko wa kilo 50: ukiandikwa CEM IV/B 32.5, kiwango charuhusu jivu la volkano na mfano wake kati ya asilimia 36 na 55. Namba 32.5 ni nguvu yake baada ya siku 28. Hukomaa polepole, basi plasta yake yataka kumwagiwa maji siku nyingi zaidi, si chini ya saba. Fundi mwenye haraka huuacha ukuta ukauke kwa jua la siku mbili, kisha nyufa zikitokea hulaumiwa kiwanda.

Kuchanganya kwa kipimo na kuandika juu ya mfuko hakuna ubaya. Ubaya ni wa auzaye saruji aliyoipunguza kwa jivu la boila, akanyamaza. Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Jivu la kuni lisilopimwa huwa na makaa yasiyoungua, hunywa maji ya mchanganyiko, na ukuta hubaki dhaifu.

Tena si kila taka yafaa. Matope ya majitaka ya rangi za nguo yaweza kubeba metali zenye sumu, na anayeyapokea bure kwa kujengea kwanza adai cheti cha maabara. Sisi wa Pwani tuna sababu ya kuwa wakali. Kule Owino Uhuru, Mombasa, risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu iliingia katika damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Sheria ya taka ya mwaka 2022 nayo yamtaka mwenye kiwanda awajibike kwa taka yake.

Limebaki suali la twahara, ambalo akina mama huuliza zaidi kuliko waume: je, kama jivu latokana na kinyesi kilichochomwa? Kwa Mahanafi, najisi ikigeuka kuwa jivu imetwahirika. Kwa madhehebu yetu ya Kishafii, jivu la najisi ni najisi. Basi sakafu ya namna hiyo, ikiwa kavu, mtu atandike mkeka safi, asali juu yake, na swala yake ni sahihi.