Paini Zasingiziwa

Anayetoka Mafinga kwenda Mgololo, wilayani Mufindi, hupita katikati ya paini mpaka azichoke. Shamba la Miti la Sao Hill lina zaidi ya hekta 130,000, na sehemu kubwa ya miti yake ni Pinus patula, paini yenye asili ya Mexico. Nyuzi zake ndefu hutoa karatasi ngumu, ndiyo maana kiwanda cha karatasi kilijengwa Mgololo. Msimu wa kuchavua ukifika, unga wa njano hutanda juu ya mabati, madimbwi na nguo zilizoanikwa. Atakayepiga chafya wiki hiyo tayari ana wa kumlaumu.

Lawama hizo si za haki. Chembe ya chavua ya paini ni kubwa, ina vifuko viwili vya hewa vya kuisaidia kuelea, na wanaopata mzio kwa sababu yake ni wachache. Mkosaji wa kawaida ni nyasi. Maua yake hakuna anayeyatazama, chavua yake haionekani kwa macho, na nyingi huchanua mvua zinapoelekea ukingoni: kando ya barabara, kwenye malisho, nyuma ya choo. Mahindi nayo ni jamii ya nyasi, ila chavua yake ni nzito na huanguka karibu na shina. Humsumbua zaidi anayepita shambani yakiwa yametoa mbelewele.

Aliyethibitisha hatia ya nyasi alijitesa mwenyewe. Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyekuwa na mzio wa chavua, alijipaka chavua puani na machoni, akapiga chafya, akaandika. Kisha alirusha tiara zenye vioo vya kunata na kuinasa chavua zaidi ya mita 300 angani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1873.

Je, mzio utaujuaje Mgololo, mahali ambapo baridi na ukungu humpa kila mtu mafua? Dalili inayotofautisha ni kuwashwa: pua, macho, hata kaakaa. Kamasi huwa jepesi kama maji, chafya hufuatana, homa hakuna. Mafua huisha kwa wiki moja au siku kumi. Mzio hukaa wiki nyingi, na mwakani hurudi majira yale yale. Mtoto anayesugua pua kwa kiganja kuelekea juu hadi anapata mkunjo puani anastahili kuchunguzwa. Moshi wa kuni nao hutoa machozi, lakini ukitoka jikoni unapona. Anayesumbuka mwaka mzima, hasa alfajiri akiwa bado kitandani, achunguze godoro na blanketi kabla ya kwenda kufyeka nyasi.

Wengi hukimbilia amoksilini. Dawa hiyo huua bakteria, na chavua si bakteria. Hapo ni pesa kutupwa. Setirizini na loratadini hutuliza chafya na kuwashwa. Piriton nayo hufanya kazi, lakini huleta usingizi, na mtu wa msumeno wa mnyororo, wa lori la magogo au wa bodaboda hana ruhusa ya kusinzia. Kwa pua iliyoziba wiki nyingi, dawa ya kupuliza yenye steroidi ndiyo bora, mradi itumiwe kila siku kwa maelekezo ya mtaalamu, maana nguvu yake huja taratibu. Kunawa uso na kubadili nguo baada ya shamba husaidia kuliko watu wanavyodhani. Kifua kikianza kubana na kutoa mluzi, hiyo inaelekea kuwa pumu: ni kwenda hospitali.

Kusingizia asiyehusika si kosa la Mufindi peke yake. Mtanzania anayehamia Minneapolis, Marekani, anaweza kukaa miaka kadhaa akiwa salama, kwa kuwa mwili huchukua muda kujifunza kuchukia chavua ngeni. Kisha Agosti moja pua inafunguka kama bomba. Jirani atamwonyesha ua la njano linalong'aa barabarani, kumbe ua hilo chavua yake hubebwa na nyuki. Mhusika ni ambrosia, gugu la kijani lisilo na mvuto, ambalo mmea mmoja unaweza kutoa chembe bilioni moja kwa msimu. Mateso huendelea hadi sakitu iue mimea. Baadhi ya wagonjwa wake huwashwa mdomo hata wakila ndizi au tikiti maji.

Ndugu wa gugu hilo yuko Tanzania tayari. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, liligunduliwa Arusha mwaka 2010, na husafiri kwa magari, mbegu na mifugo. Chavua yake huleta mafua ya mzio, na majani yake huchubua ngozi. Likionekana Mufindi, lisishikwe kwa mikono mitupu: zivaliwe glovu, ling'olewe kabla halijachanua, na bwana shamba wa kata aarifiwe siku hiyo hiyo.