Mipira mikubwa na motere "iliyokufa"



Mara hii sisi wa mwaka wa sita tunaandika juu ya jambo ambalo kila mtu anayesafiri kati ya Beni na Butembo amekwisha kuliona. Pikapu ilikuwa inapanda mlima vizuri na vitesi ya tatu. Matope ya mvua yanakuja, mwenye gari anaondoa mipira midogo anaweka mikubwa, ili gari iinuke juu ya mashimo. Tangu siku ile gari iko mvivu. Kwenye mlima inaomba vitesi ya pili, mazutu inaisha mbio, ambrayaji inanuka. Mwenye gari analia: "Motere imekufa!" Naye anaanza kutafuta pesa ya kuifungua. Sisi tunamwambia: ngoja kwanza, baba. Motere iko mzima.

Fikirini mtu anayevuta maji kisimani kwa kuzungusha mti wenye kamba. Kama mti ni mwembamba, ndoo inapanda polepole lakini mkono hauchoki. Kama mti ni mnene, kila mzunguko unavuta kamba ndefu zaidi, ndoo inapanda mbio, lakini mkono unaumia. Mkono ni ule ule. Mpira wa gari ni mti ule. Motere inazungusha katikati, na mpira unasukuma udongo huko chini. Kadiri udongo ulivyo mbali na katikati, ndivyo msukumo unavyopungua.

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu watu wanabishana tu. Mpira mdogo una upana wa senti 73 toka juu mpaka chini, mkubwa una 80. Gawanya 73 kwa 80: unapata 0,91. Maana yake, pale gari ilipokuwa inasukuma na nguvu 100, sasa inasukuma na 91. Na faida yake? Gari imeinuka senti 3 na nusu tu, kwa sababu nusu ya ile 7 inabaki juu. Tena saa ya mwendo inadanganya: ikionyesha 60, gari iko kwenye 66 hivi. Washofere wengi hawajui jambo hili.

Kwetu Butembo kuna shida ya pili. Mji uko juu, zaidi ya metri 1700, na hewa ya mlimani ni nyepesi. Motere isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu 1 katika 100 kwa kila metri 100 za kupanda. Basi 100 ya kando ya bahari imekuwa 83 hapa, hata kabla ya kugusa mipira. Toa tena ile ya mipira mikubwa, unabaki na 75 hivi. Njo maana gari ile ile inaonekana na nguvu huko Beni, chini kwa metri mia kadhaa, halafu ikifika huku juu na magunia ya mchele inapumua kama mzee.

Sasa dawa. Watu wengi wanakimbilia pompi ya mazutu: "Fundi, ongeza kidogo." Hii ndiyo dawa mbaya kuliko zote, hata kama kwa siku za kwanza inafurahisha. Mazutu inaungua na hewa, na hewa ndiyo tunakosa huku. Ukiongeza mazutu bila hewa, ile inayozidi inatoka moshi mweusi, na joto linapanda ndani mpaka pistoni zinaharibika. Hapo ndipo motere itakufa kweli. Afadhali kusafisha chujio la hewa, maana vumbi ya barabara zetu inaliziba upesi.

Dawa ya kweli iko katika ponti, ile kichwa ya chuma katikati ya mipira ya nyuma. Ndani mna gurudumu kubwa la meno linalozungushwa na dogo. Kwa Toyota Hilux za zamani kuna ponti yenye meno 41 kwa 10, yaani 4,1. Kuna nyingine yenye meno 41 kwa 9, yaani 4,56. Gawanya 4,56 kwa 4,1: unapata 1,11. Zidisha na 0,91 ya mipira: unapata 1,01. Nguvu imerudi yote, motere haikuguswa! Lakini kama gari inavuta na mipira yote 4, lazima ponti ya mbele ibadilishwe pia, iwe sawa na ya nyuma. La sivyo mbele na nyuma zitapigana hata chuma kivunjike.

Kwa asiye na pesa ya ponti: arudishe mipira midogo, ama apunguze mzigo. Na kwenye matope atumie ile manche ndogo ya vitesi fupi, ambayo wengine wanaisahau kabisa.

Kuna neno moja tunataka washofere walisikie hata wakisahau mengine. Ile hesabu ya 91 inahusu freni pia. Mpira mkubwa unapunguza nguvu ya freni vile vile, na motere nayo inazuia gari kidogo zaidi wakati wa kushuka. Gari inayopanda vibaya inasimama njiani tu. Gari inayoshuka vibaya, na mama 10 wameketi juu ya magunia, ni jambo lingine. Mwenye kubadilisha mipira aanze na freni.

Anayetaka kujua ponti yake bila kuifungua afanye hivi. Toa gari kwenye vitesi, weka mawe mbele na nyuma ya mipira, halafu inua mpira mmoja tu wa nyuma. Uzungushe mara 2 kamili, na mwenzako ahesabu mizunguko ya kile chuma kirefu kinachotoka mbele. Ikiwa 4 na kidogo sana, ni 4,1. Ikipita 4 na nusu kidogo, uko tayari na ponti ya nguvu, usinunue nyingine.